MTAFITI KARIBU, LAKINI DAFTARI LIBAKI KIJIJINI

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wa chama katika mitaa na vijiji vya Arusha na Meru tumewaona wageni wengi wakiupanda mlima huu na kalamu na daftari, na kila mmoja tumemkaribisha kwa kiti, maziwa na ndizi. Leo twataka kuuliza swali moja, wala hatutaki kumvunjia mtu heshima. Katika wageni hao wote, mwenyeji amepona mara ngapi?

Swali hili si letu. Ni la mzee mmoja, mwangalizi wa mfereji katika kijiji cha upande wa kusini wa Mlima Meru. Alikuja kwake mtafiti wa mambo ya jamii, binti mwenye adabu na elimu ya chuo kikuu, akichunguza jinsi wanakijiji wanavyotunza kwa pamoja maji, malisho na msitu. Barua zake zote za ruhusa alikuwa nazo. Kwa siku mbili aliketi na mzee akimwuliza: nani waliuchimba mfereji, nani hupata maji siku gani, asiyefika siku ya kuzibua hutozwa nini, na mwaka wa ukame maji hugawanywaje. Mzee alijibu yote. Hata alimchorea mfereji mavumbini kwa ncha ya fimbo yake, tangu banio la juu mpaka shamba la mwisho bondeni. Binti alipoinuka kuaga, mzee akamwambia: "Mwanangu, wewe ni wa nne. Wale watatu waliokutangulia niliwaambia haya haya. Je, maneno yangu yako wapi?"

Yule binti hakumdanganya. Alisema kwamba maneno ya wawili wamo katika vitabu vya Kiingereza vilivyo ng'ambo, na ya yule wa tatu hajui yalikokwenda. Akaongeza kwamba hata yeye, kabla ya kupanda mlima huu, ilimbidi asome habari za wazee wa hapa kwa lugha ya kigeni. Mzee akacheka. Sisi tuliomsindikiza mgeni tuliona haya.

Sisi wengine tumepita chuo cha ualimu, na jambo la kwanza tulilofunzwa ni kwamba mwalimu akikusanya madaftari ya watoto, sharti ayarudishe yakiwa yamesahihishwa. Asipoyarudisha, mtoto hajui alipopata wala alipokosa, na mzazi wake hana cha kuangalia. Twasema waziwazi: utafiti mwingi uliofanywa katika mlima huu ni madaftari yaliyokusanywa yasirudishwe.

KUULIZA SI KOSA

Wako wanachama wenzetu wasemao kwamba dawa ni moja tu, nayo ni kuwafukuza watafiti wote, maana ni wapelelezi wa wanaotaka ardhi yetu. Tumewasikia katika mikutano ya matawi, na uchungu wao twaujua. Lakini hatukubaliani nao, na sababu zetu ni hizi.

Mwaka 1968 Mmarekani mmoja, Garrett Hardin, mtaalamu wa elimu ya viumbe, aliandika makala iliyosomwa duniani kote. Alisema tufikiri malisho yaliyo wazi kwa watu wote. Kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja, kisha mwingine, maana faida ni yake peke yake na hasara ni ya wote, mpaka nyasi zikwishe na wote waangamie. Kwa hiyo, alisema, mali ya namna hiyo ama imilikiwe na mtu binafsi, ama ishikwe na serikali. Maneno hayo yaliwafurahisha wengi waliokuwa na macho juu ya ardhi za watu. Wakapata hoja kwamba mali ya wote ni mali isiyo na mwenyewe.

Aliyemjibu Hardin ni mtafiti vilevile. Mama Elinor Ostrom, Mmarekani, hakukaa chumbani akafikiri malisho ya kubuni. Yeye na wenzake walikusanya habari za watu wanaotumia mali ya pamoja kwa kweli. Katika kijiji cha Törbel, milimani Uswisi, ilionekana kanuni iliyoandikwa mwaka 1517, ikimkataza mtu kupeleka malisho ya mlimani ng'ombe wengi kuliko wale awezao kuwalisha wakati wa baridi. Huko Valencia, Hispania, wakulima wanalo baraza la maji ambalo hukutana kila Alhamisi mlangoni pa kanisa kuu, likaamua mashauri ya mifereji kwa mdomo, mbele ya watu, bila wakili. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 Mama Ostrom alionyesha kwamba watu wakiwa na mipaka inayojulikana, kanuni walizozitunga wenyewe, walinzi wanaowajibika kwao na adhabu zinazoanza ndogo, mali ya wote yaweza kudumu kwa karne nyingi. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, akawa mwanamke wa kwanza kuipata.

Ndugu wasomaji, mambo hayo aliyotunukiwa Mama Ostrom, ni nani kati yetu asiyeyajua? Mwarusha anajua kwamba olopololi, malisho ya ndama karibu na boma, hayaingiliwi na ng'ombe wakubwa. Mzee wetu wa mfereji anajua kwamba asiyefika kuzibua hutozwa kidogo mara ya kwanza, na akirudia hutozwa zaidi, na akizidi kiburi hufungiwa maji. Cha wote si cha ovyo. Lakini twaona kwamba dunia haikulikubali neno hili mpaka alipotokea mtu wa kulichunguza, kulipanga na kulitetea mbele ya wenye elimu. Hiyo ndiyo kazi ya utafiti mwema, na mwenye kuufukuza atamfukuza na rafiki yake.

Tena tunao mfano wa hapa hapa. Maji ya sehemu nyingi za mlima huu, hasa upande wa Ngare Nanyuki na Momela, yana madini ya floraidi kupita kiasi. Meno ya watoto hugeuka rangi ya udongo, na penye madini mengi mno hata mifupa hupinda. Zamani watu waliona meno wasijue sababu. Watafiti waliyapima maji, wakaijua sababu, na huko Ngurdoto kikawekwa kituo cha kuchunguza namna ya kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hapo mgeni alikuja na mwenyeji akaanza kupona, maana majibu yalibaki pale pale maswali yalipoulizwa.

WALIOULIZA WAKACHUKUA

Upo upande wa pili, na Wameru hawahitaji kufundishwa na mtu.

Wakati wa Wajerumani mashamba ya masetla yalikatwa kuuzunguka mlima upande wa chini, na upande wa juu msitu ukawekwa mpaka wa serikali. Watu wakabanwa katikati, juu msitu na chini setla. Watu wengine waliyaita mashamba yale mkanda wa chuma. Waingereza walipoutawala mlima waliukuta mkanda huo, nao hawakuufungua. Malisho yaliyokuwa yamebaki kwa Wameru yalikuwa zaidi upande wa kaskazini mashariki, Engare Nanyuki.

Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuchunguza ardhi za Arusha na Moshi, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1947. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya kuuliza, kupima na kuchora ramani. Na jibu lake likawa nini? Likawa kwamba masetla wapate eneo moja lisilokatwa na makazi ya Waafrika baina ya Meru na Kilimanjaro, na Wameru wa Engare Nanyuki waondoke. Tarehe 17 Novemba 1951 kazi ya kuwaondoa ikaanza. Nyumba zilichomwa moto, watu wapata 3,000 wakapoteza makao, nao wakaambiwa waende King'ori.

Wameru hawakushika mikuki. Walichangishana fedha, wakapata msaada wa mwanasheria Earle Seaton, aliyetoka visiwa vya Bermuda akawa anafanya kazi Moshi, wakamtuma ndugu yao Kirilo Japhet mpaka New York. Julai 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaeleza dhuluma ile. Mwishoni mwa mwaka huo azimio la kutaka ardhi irudishwe lilifika Baraza Kuu, lisipate theluthi mbili za kura zilizotakiwa. Ardhi haikurudi siku ile. Lakini Tanganyika nzima ilisikia, na TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, jina la Meru lilikuwa limekwisha kuwafumbua watu macho.

Twakumbusha habari hizi kwa sababu moja. Huko New York ilibidi kueleza kwa hati, mbele ya wageni wa nchi za mbali, mambo ambayo kila mtoto wa Engare Nanyuki aliyajua: nani alichunga wapi, nani alijenga wapi, maji ni ya nani. Tume ilikuwa na taarifa na ramani tangu 1947. Wenye ardhi walikuwa na haki na kumbukumbu za wazee, lakini karatasi ilikuwa ya mwingine. Mali bila daftari huisha bila habari.

VITABU VIPO, LAKINI VIKO WAPI?

Baada ya hapo mlima wetu umeandikwa sana. P. H. Gulliver, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, aliwachunguza Waarusha miaka ya 1950, na kitabu chake juu ya namna wanavyoamua mashauri yao kilitoka mwaka 1963. Thomas Spear alitoa mwaka 1997 kitabu juu ya ardhi na kilimo cha Waarusha na Wameru. Roderick Neumann alitoa chake mwaka 1998, akaeleza habari za Hifadhi ya Arusha, iliyoanza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, ikapanuliwa na kupewa jina la Arusha mwaka 1967. Alionyesha jinsi haki za kimila za kuchunga, kuokota kuni na kupita njia za zamani zilivyopungua kadiri mipaka ya hifadhi ilivyosogea.

Hatuwalaumu waandishi hao. Wengine wamesema kweli ambayo ilikuwa chungu kwa wakubwa. Lakini vyote vitatu viliandikwa kwa Kiingereza. Twauliza matawi yetu: ni ofisi gani ya kijiji, tangu Usa mpaka Ngare Nanyuki, yenye nakala ya kitabu kimojawapo? Kijiji kikigombana leo na jirani yake juu ya mpaka wa malisho, mwenyekiti atafungua kabati gani?

Na ugomvi haupungui. Mlima ni ule ule, lakini watu wanaongezeka, na mji wa Arusha unapanda kila mwaka. Themi, Naura na mito mingine ipitayo mjini huanza huku juu, na mji nao una kiu. Kilichokuwa shamba la kahawa leo ni viwanja. Tena kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii. Kijiji kikigeuzwa kuwa mtaa wa mji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji haikifuati tena. Malisho ya wote, njia ya ng'ombe na uwanja wa mikutano, kama havikuandikwa popote, vitaonekana katika ramani ya mpima viwanja kuwa ni nafasi tupu. Na nafasi tupu haikosi mnunuzi.

SHERIA IPO, TUITUMIE

Mtu asiseme hatuna silaha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema kwamba Halmashauri ya Kijiji ni mdhamini wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, wala haiwezi kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria hiyo inakitaka kijiji kitenge ardhi ya matumizi ya pamoja na kuiandika katika rejista yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inawaruhusu watumia maji kuunda jumuiya yao, ili mfereji upate sauti mbele ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Atakayesema haya ni ya vitabuni tu, na aangalie Babati, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Serikali ilikuwa mbioni kuutwaa msitu wa Duru-Haitemba uwe hifadhi yake. Wanavijiji hawakutaka. Mwaka 1994 wakakaa pamoja na maafisa na washauri wa kitaalamu, na vijiji 8 vikaachiwa msitu huo vuutunze vyenyewe. Kila kijiji kikatambua mipaka yake, kikatunga kanuni zake, kikachagua walinzi kutoka vijana wake, na kanuni zile zikaandikwa kuwa sheria ndogo. Mtaalamu hakuondoka na daftari. Aliketi nao wakaliandika pamoja, likabaki kwao. Miaka michache baadaye sheria ya nchi nzima ikaifuata njia hiyo hiyo.

Basi twashauri hivi.

Kwanza, mtafiti akija asiishie mezani kwa Mtendaji. Kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia ni kitu chema, lakini ni ruhusa ya serikali, hakimwelezi mwanakijiji kitu. Na asimame mbele ya Halmashauri ya Kijiji aeleze kwa Kiswahili anatafuta nini, kwa fedha za nani, na majibu yatakwenda kwa nani.

Pili, kabla hajaondoka aache ofisini nakala ya ramani aliyoichora na orodha ya mambo aliyoyakuta. Siri za mtu mmoja mmoja azifiche, maana kuna mambo mzee humwambia mgeni ambayo hapendi jirani ayajue. Lakini mfereji si siri. Malisho si siri.

Tatu, kazi yake ikimalizika arudi, au atume mtu, asome matokeo kwa Kiswahili katika Mkutano Mkuu. Mkutano huo kwa sheria hukaa kila miezi mitatu, kwa hiyo hawezi kusema alikosa nafasi. Na wanakijiji wapewe saa ya kumwambia: hapa umepatia, hapa umekosea.

Nne, na hili ndilo kubwa, tusimngoje mtafiti. Kila kijiji kina vijana waliomaliza kidato cha nne wanaokaa barazani. Tawi la chama liwape daftari na kalamu, liwakalishe na wazee wa mifereji na wazee wa malisho. Wasiwasahau akina mama, maana ajuaye chemchemi ipi hukauka mwezi wa Septemba na kuni hupatikana wapi bila kuvunja mti mbichi ni yule aendaye huko kila siku. Waandike jina la kila mfereji, chemchemi, njia ya mifugo, kaburi la ukoo na mti wa mkutano. Wakishaandika, maandishi yasomwe mkutanoni, yakubaliwe, yapigwe mhuri, na ardhi ya pamoja iingizwe katika rejista.

TUSIDANGANYANE

Haitakuwa haki kumnyoshea mgeni kidole tukajisahau wenyewe. Tunawajua viongozi waliotia sahihi karatasi ya mtafiti, na karatasi nyingine zilizo mbaya kuliko hiyo, bila kuzisoma. Tunawajua wenye mashamba ya juu wanaofungulia maji usiku ili jirani wa bondeni aamke na mfereji mkavu. Tunao wanachama, wenye kadi, waliojenga hatua chache kutoka chemchemi. Mambo hayo Hardin angeyaona angesema: sikuwaambia? Kila mmoja wetu anayevunja kanuni ya mfereji anampa hoja yule asemaye kwamba mali ya wote haina mwenyewe. Chama hakiwezi kuilinda mali ya wananchi kwa maneno ya jukwaani wakati wanachama wake wanaiiba gizani.

Kwa hiyo twaomba kila tawi la Arusha na Meru liliweke jambo hili katika mkutano wake ujao. Swali ni moja: daftari la mali yetu ya pamoja liko wapi, na nani analishika? Tawi lenye daftari lilete habari, tulitangaze wengine waige. Tawi lisilo nalo lianze na mfereji mmoja.

Na yule binti mtafiti? Kabla ya kuondoka aliukata ukurasa wenye mchoro wa mfereji, akaunakili upya kwa mkono wake, akampa mzee. Mzee hajui kusoma, lakini mstari wa mfereji wake aliufuata kwa kidole mpaka mwisho, akaonyesha mahali palipokosewa, na binti akapasahihisha pale pale. Karatasi ile sasa imo katika ofisi ya kijiji. Ni karatasi moja tu, na mifereji ya mlima huu ni mingi. Wazee wanaoijua wanapungua kila mwaka. Tushike kalamu.